Ofa ya mshahara mdogo: nijadiliane nao au nikatae?

Kiona_Mbali: Wadau, jana jioni nimepokea barua ya ofa. Kazi yenyewe naipenda na nimeitafuta muda mrefu, ila mshahara umenivunja nguvu. Niombe waongeze, au nikatae moja kwa moja? Nahofia nikiomba watampa mwingine. Wanataka jibu Ijumaa.

Tumaini_B: Mkuu, mdogo ukilinganisha na nini? Hiyo namba ni kabla ya makato au ndiyo itakayoingia mkononi? Una kazi sasa hivi au uko nyumbani? Usipoyasema hayo tutakushauri gizani.

Fundi Mahesabu: Wasipoongeza, kataa. Chukua kazi inayostahili 100, wewe wakuanzishe na 85. Ukipata nyongeza ya asilimia 5 kila mwaka, ile 100 utaivuka kwenye nyongeza ya nne, na mwenzako aliyeanza na 100 atakuwa amepita 121. Nyongeza huhesabiwa juu ya mshahara wa msingi, ndiyo maana pengo huzidi kupanuka.

Mama Wawili: Fundi, anayedaiwa kodi ya nyumba hawezi kungoja hesabu zako. Ila wewe mleta mada, ngoja nikusimulie yaliyonikuta. Nilijadiliana kwa simu. Meneja akaniambia, "Anza na hii, majaribio yakiisha tutakupandishia." Alikuwa na sauti ya upole, nikamwamini, nikasaini. Miezi sita ikaisha, naye alikuwa ameshahamia kwingine. Nikaenda kwa afisa utumishi, akanifungulia faili: "Mkataba wako unasema wapi?" Hapakuwa na hata mstari mmoja. Nikavumilia mwaka na miezi saba. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipoomba kazi nyingine wakadai hati ya mshahara, wakanipangia kwa kuongeza kidogo tu juu ya ile ile. Ule mshahara mdogo ulinifuata hadi huko.

Kijana wa Zamu: Mimi hati ya mshahara sitoi. Nikiulizwa nalipwa kiasi gani, nataja ninachotaka.

Tumaini_B: Kukataa kusema ni sawa, kutaja namba ya uongo si sawa. Wakija kugundua, kazi inaondoka.

Kijana wa Zamu: Sijasema nadanganya. Nimesema nataja ninachotaka. Kwani mshahara wangu wa zamani unawahusu nini? Jimbo la Massachusetts kule Marekani, tangu Julai 2018 mwajiri haruhusiwi kumuuliza mwombaji alikuwa analipwa kiasi gani kabla ya kumpa ofa. Kuna sababu.

Mama Wawili: Mdogo wangu, mwenye shida ya kazi akiulizwa atajibu tu. Tusimlaumu.

Kiona_Mbali: Samahani, nilisahau kueleza. Kazi ninayo. Ofa ni pungufu kwa asilimia 12 ya ninacholipwa sasa, zote kabla ya makato. Ila wao wana bima ya afya ya familia, hapa nilipo sina. Kwenye fomu waliuliza mshahara ninaoutarajia, nikaandika "kulingana na taratibu za kampuni".

Fundi Mahesabu: Hapo ndipo ulipowaachia usukani. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliandika mwaka 1974 jinsi namba inayotangulia, wanayoiita nanga, inavyovuta makadirio yanayoifuata. Sasa nanga ni yao. Lakini kazi unayo, huna njaa ya kukuharakisha. Kataa.

Neema wa Ajira: Nimekaa upande wa kuajiri miaka kadhaa. Sijawahi kuona mtu akinyang'anywa ofa kwa kuomba kwa adabu, ingawa siapi kwamba haitokei. Taja namba moja, siyo "kuanzia hapa mpaka pale", kwa sababu watashika ile ya chini. Eleza utakachowafanyia, usieleze shida zako. Wakisema ngazi ya mshahara haibadiliki, omba wakuanzishe daraja la juu la ngazi hiyo, au waandike ndani ya mkataba kwamba mshahara utapitiwa baada ya miezi sita.

Kiona_Mbali: Asanteni sana. Nitawapigia kesho asubuhi.

Mama Wawili: Simu tena, mwanangu?

Kiona_Mbali: Naanza na simu, kisha naandika barua pepe ya kuthibitisha tuliyozungumza.

Tumaini_B: Na hiyo bima inaanza siku ya kwanza au baada ya majaribio?

Kiona_Mbali: Barua haijasema.