Ihefu kuhama Mbarali: lawama kwa mashabiki au kwa mwenye timu?

Mwananjelwa: Wadau, tulijadili hili bila ushabiki. Ihefu, timu ya Ubaruku wilayani Mbarali, Mbeya, ilipanda Ligi Kuu 2020, ikashuka baada ya msimu mmoja, ikarudi 2022. Tarehe 29 Novemba 2022 ikaipiga Yanga 2-1 palepale kwenye uwanja wake wa Highland Estates, Yanga ambayo nchi nzima ilikuwa imeshindwa kuifunga. Katikati ya msimu wa 2023/24 ikahamia uwanja wa Liti, Singida, na msimu uliofuata hata jina likafutwa, ikawa Singida Black Stars. Timu kama ile ilikosa nini Mbarali? Watu, uwanja, halmashauri au pesa?

Dogo wa Liti: Jibu liko wazi. Mpira unataka mji. Kule ni majaruba tu, ukiondoa mechi za Simba na Yanga jukwaani unahesabu vichwa. Watu wanajua bei ya gunia kuliko msimamo wa ligi. Timu ya shambani mlitaka ikae milele?

Mkulima Usangu: Shambani? Na wali unaokula hapo Singida unatoka wapi, kwenye alizeti?

Dogo wa Liti: Kaka usipaniki. Mimi nakula mchele wa Kyela.

Mkulima Usangu: 😂😂 Wa Kyela! Lori linapakia Ubaruku mashineni, likifika Dar gunia limeshabatizwa Kyela. Hicho Kyela chenyewe kilivyo kidogo kingeilisha Dar nzima? Mnakula mpunga wetu halafu mnatuita watu wa shamba.

Binti Mwakyusa: Wewe Mkulima, gombana na huyo mtoto wa Singida, Kyela utuache. Mchele wetu ukipikwa nyumba ya tatu wanajua. Wa kwenu mpaka utie nazi ndiyo unukie.

Mkulima Usangu: Dada yangu, harufu haijazi tumbo.

Mchambuzi Koko: Jamani turudi kwenye mada. Tukumbuke Ihefu ilivunja rekodi ya Yanga ya mechi zaidi ya 50 bila kufungwa...

Jangwani Damu: 49. Mkitutaja mtaje kwa usahihi. Na tulitangulia kufunga, sema ule uwanja ulikuwa wa kuchungia ng'ombe, pasi haitembei.

Mama Perege: Ng'ombe hawakuonekana siku hiyo mwanangu, tuliwaona nyinyi. Mimi nilikuwa nje ya geti na karai langu la samaki. Bodaboda zinatoka Rujewa mishikaki, wengine wameshuka barabara kuu wanatembea. Tigere wa Ihefu aliposawazisha kijana mmoja aliruka akamwaga pilipili yangu yote, sikumdai. Anayesema Mbarali hakuna mashabiki alikuwa wapi?

Dogo wa Liti: Mama, shikamoo. Nimesema ukiondoa Simba na Yanga. Hiyo ilikuwa Yanga.

Mama Perege: Marahaba. Siku nyingine pia nilikuwepo na karai langu, kwa hiyo najua walikuja wangapi. Hawakujaa, ila walikuja. Hapo kwenu ikija timu ya Prisons mnajaa?

Jangwani Damu: 😂 Dogo ameshikwa.

Karani Mstaafu: Vijana, mnahangaika na mashabiki bure. Someni jinsi timu hizi zinavyomilikiwa. Simba na Yanga zina wanachama, atakayejaribu kuipeleka Yanga Morogoro ataona cha moto. Hizi nyingine zina mwenyewe. Anaamka asubuhi anaandika barua kuomba kubadili uwanja wa nyumbani, msimu ukiisha anabadili jina. Tena pesa ya geti si kitu tena kwao. Tangu 2021 kuna mkataba wa Azam wa kuonesha ligi wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Mgao wa televisheni unamfuata mwenye timu popote anapokwenda, hauulizi Ubaruku walikuja watu wangapi. Tazameni timu ya Kitayosce: ilizaliwa Kilimanjaro, ikapanda daraja ikiwa Tabora, Agosti 2023 ikaanza ligi Chamazi, Dar, na wachezaji wanane mpaka mechi ikavunjika, ikaitwa Tabora United, leo ni TRA United. Nayo Singida Fountain Gate iliyocheza Kombe la Shirikisho Afrika 2023 ikaishia Babati. Kwa hiyo Singida walipoteza yao, wakaletewa ya Mbarali.

Mkulima Usangu: Kumbe! Yaani Singida wamevaa mtumba?

Dogo wa Liti: Mtumba uliochukua Kombe la Kagame 2025? Nyinyi hiyo timu mlikaa nayo ikawashukia daraja. Sisi tumeifikisha kimataifa. Mtoto ni wa anayemlea.

Mwananjelwa: Mmeilea "nyinyi" kina nani? Mzee Karani amesema mwenye timu ni mmoja. Kesho akiipeleka Dodoma utasemaje?

Dogo wa Liti: Huyo anayesema mtumba aombe radhi kwanza.

Mchambuzi Koko: Mimi naona halmashauri ndiyo jibu. Mbeya City ni ya halmashauri, na haijahama hata siku moja. Msimu wake wa kwanza, 2013/14, ilimaliza ya tatu.

Jangwani Damu: Na 2023 ikashuka daraja, mbona hapo umeruka? Ya umma haihami kwa sababu haina nauli.

Mchambuzi Koko: Imerudi Ligi Kuu, ndugu. Na ilirudi uwanja uleule wa Sokoine, Mbeya, mashabiki wake hawakuikuta mkoa mwingine.

Karani Mstaafu: Sijajibiwa. Kwa nini kanuni zisimtake mwenye timu apate ridhaa ya mkoa anaouacha? Ingekuwa hivyo, Mbarali wangeitwa hata kwenye kikao kimoja.

Binti Mwakyusa: Mzee, kikao cha nini na watu wanaouza mchele kwa jina la wilaya nyingine? Waanze kuomba ridhaa yetu.

Mkulima Usangu: Njoo Ubaruku msimu wa mavuno, dada. Nikuoneshe wafanyabiashara wa kwenu wanaokuja kununua kwetu.

Binti Mwakyusa: Nitakuja. Na nauli nitakudai wewe.

Mama Perege: Ukija nipigie, nitakukaangia. Sasa hivi nauza stendi ya Rujewa.