Naomba ushauri: keneli ya Raspberry Pi 4 imekompailika bila kosa lakini haiwaki kabisa

bwagamoyo_cnc

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua kukompaili keneli (kiini cha mfumo wa Linux) kwa prosesa za arm64 (ARM za biti 64).

Mashine ni CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) ya mihimili mitatu, ipo karakana ya milango ya nakshi hapa Bagamoyo. Inaendeshwa na programu ya LinuxCNC ndani ya Raspberry Pi 4 ya GB 4, pamoja na kadi ya Mesa 7C81 inayotoa mapigo ya mota. Kwa keneli iliyokuja na mfumo, katikati ya kuchonga inatoka "Unexpected realtime delay on task 0", kisu kinashtuka, na ua kwenye mbao ya mninga linabaki na kovu ambalo msasa hauliondoi. Ndiyo maana nataka keneli ya PREEMPT_RT (Real-Time, yaani RT, isiyochelewesha kazi za haraka).

Nakompaili kwenye laptopu ya Intel yenye Ubuntu. Hatua zangu:

git clone --depth=1 --branch rpi-6.12.y https://github.com/raspberrypi/linux
export ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-
make bcm2711_defconfig
make menuconfig
make -j8 Image modules dtbs

Ndani ya menuconfig (menyu ya machaguo ya keneli) nimebadili mambo mawili. Page size nimetoa 4KB nikaweka 16KB, kwa sababu keneli ya Pi 5 inatumia 16KB na inasemekana inaongeza kasi. Pia nimezima "Kernel support for 32-bit EL0", maana prosesa ni ya biti 64. Chaguo la Real-Time sikuliona, kwa hiyo nikaacha la Low-Latency Desktop lilivyo.

Kompaila imemaliza bila kosa hata moja. Nikiweka kwenye kadi ya SD, skrini inabaki kwenye rangi za upinde wa mvua na hakuna herufi hata moja.

Maswali yangu: kwa nini haiwaki? Chaguo la RT liko wapi? Na je, arm64 ina sehemu ya kuchagua aina ya prosesa kama ile "Processor family" ya x86?

---

MzeeWaTerminali

Mkuu, rudisha 4KB. Hapo ndipo ilipofia.

Pi 4 ina chipu ya BCM2711, na ndani yake kuna kori nne za Cortex-A72. A72 inajua kurasa za kumbukumbu za 4KB na 64KB tu, 16KB haipo kwenye silikoni yake. Pi 5 ni Cortex-A76, na hiyo inaijua 16KB. Kompaila haiwezi kukuonya, kwa sababu kwake arm64 ni arm64. Haijui utaipeleka keneli kwenye prosesa gani.

Kuhusu ukimya: keneli ya arm64 ikianza tu, kabla haijawasha MMU (sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu), inasoma rejista inayoitwa ID_AA64MMFR0_EL1 kuuliza kama prosesa inauweza ukubwa wa kurasa uliouchagua. Ikijibiwa hapana, inaingia kwenye kitanzi cha kulala na haitoki humo. Wakati huo hakuna draiva ya skrini wala ya siria (serial) iliyokwisha kuamka, kwa hiyo hata ingetaka kulalamika haina mdomo. Upinde wa mvua unaouona ni wa programu ya kuwashia ya Pi yenyewe, keneli haijafika huko.

Kabla ya kugusa chochote kwenye Kernel Features, washa Pi kwa keneli ya zamani kisha:

cat /proc/cpuinfo

Utaona "CPU part : 0xd08". Hiyo ndiyo A72. Ukiona 0xd0b ni A76, na 0xd03 ni A53 ya Pi 3. Tazama pia mstari wa Features: kwenye Pi 4 utakuta fp asimd evtstrm crc32 cpuid, basi. Hakuna aes, hakuna sha2, hakuna atomics. Chochote kisichokuwemo kwenye mstari ule, kukiwasha kwenye keneli hakukupi kitu.

---

dunda_dev

Kuhusu swali la tatu, si angeongeza tu KCFLAGS="-march=native" ili keneli iendane na prosesa yake?

---

MzeeWaTerminali

Hapana ndugu yangu. "native" maana yake ni mashine inayokompaili, na hapa ni laptopu ya Intel. Kompaila ya aarch64 iliyoko kwenye laptopu italikataa neno hilo. Kama analazimika, aandike KCFLAGS="-mcpu=cortex-a72", lakini asitegemee muujiza: keneli haifanyi hesabu nyingi za kufaidika na hilo.

Na jibu la swali lenyewe ni kwamba arm64 haina "Processor family". Inayo Platform Selection, ambako unachagua ukoo wa chipu. Tahadhari hapo: BCM2711 haina mstari wa jina lake, iko chini ya ARCH_BCM2835. Ukizima BCM2835 ukidhani ni ya Pi za zamani, umejikatia umeme mwenyewe.

Tofauti za prosesa moja na nyingine, keneli inazishughulikia wakati wa kuwaka. Kwa mfano kuna orodha ndefu ya "ARM errata workarounds", yaani viraka vya kasoro za prosesa. Humo kuna 1319367 inayohusu A57 na A72, na 845719 inayohusu A53. Usizime yoyote kwa nia ya kupunguza ukubwa. Keneli inatambua prosesa iliyopo na kuweka kiraka kinachohusika peke yake, mengine yanakaa bila kudhuru.

---

siria_115200

Naongezea la vifaa. Kazi hii usiifanye kwa kutegemea HDMI. Tafuta waya wa USB kwenda TTL wa volti 3.3, wa kusomea ujumbe wa keneli kwenye laptopu. Ile yenye kiruka cha kuchagua 5V na 3.3V, hakikisha kimekaa 3.3, kwa sababu pini za Pi hazivumilii 5V. Unganisha hivi: GND kwenye pini 6, RX ya waya kwenye pini 8, TX ya waya kwenye pini 10. Waya mwekundu wa umeme uache hewani.

Kwenye config.txt weka:

enable_uart=1
uart_2ndstage=1

Kwenye cmdline.txt ondoa neno quiet, na mwanzoni mwa mstari uleule, bila kushuka chini, ongeza:

earlycon=uart8250,mmio32,0xfe215040

Anwani hiyo ni ya Pi 4. Kasi ni 115200. Kosa la 16KB lisingeonekana hata hapa, kama Mzee alivyoeleza, ila mengine karibu yote utayasoma.

---

binti_pangani

Kaka bwagamoyo, RT huioni kwa sababu PREEMPT_RT inategemea EXPERT. Ingia General setup, washa "Configure standard kernel features (expert users)", kisha rudi kwenye Preemption Model. Hapo itatokea "Fully Preemptible Kernel (Real-Time)". Kuanzia 6.12 RT imo ndani ya keneli yenyewe kwa arm64, huhitaji tena kupachika kiraka cha pembeni.

Kila unapofungua menuconfig tazama mstari wa juu kabisa. Usome "Linux/arm64". Ukisoma "Linux/x86" toka bila kuhifadhi. Umetumia export, na export inaishi ndani ya dirisha lile moja la terminali. Umeme ukikatika, au ukifungua dirisha jipya, make inarudi kudhani unakompaili kwa ajili ya laptopu, na ukihifadhi inafuta kimyakimya machaguo yote ya arm64. Mimi naona ni salama zaidi kuandika ARCH na CROSS_COMPILE ndani ya kila amri.

---

bwagamoyo_cnc

Asanteni sana. cpuinfo imesema 0xd08 kweli. Nimerudisha 4KB, nimewasha EXPERT na RT, nimenunua na waya. Sasa keneli inawaka, mistari inamiminika, inafika kwenye kadi, halafu:

Starting init: /sbin/init exists but couldn't execute it (error -8)

Kisha panic. Kadi ni ileile, na kwa keneli ya zamani inawaka vizuri.

---

binti_pangani

Hilo ni lile la pili ulilozima. "Kernel support for 32-bit EL0" ndiyo CONFIG_COMPAT. Haihusu prosesa yako ni ya biti ngapi, inahusu programu zilizomo ndani ya kadi. Washa kwa keneli ya zamani uandike amri hizi mbili:

uname -m
dpkg --print-architecture

Nadhani ya kwanza itasema aarch64 na ya pili armhf. Raspberry Pi OS ya biti 32 ikiwa kwenye Pi 4 inawaka na keneli ya biti 64 huku programu zote, pamoja na init (programu ya kwanza inayoanzishwa na keneli), zikiwa za biti 32. Keneli yako mpya imekutana na init ya lugha iliyoambiwa isiielewe. Error -8 ni ENOEXEC.

Njia ya haraka ni kurudisha COMPAT. Njia ninayoipendekeza kwa mashine ya kazi ni kuweka mfumo wa biti 64 mzima kwenye kadi nyingine. Hata hivyo COMPAT iache imewashwa, haikuli chochote.

---

MzeeWaTerminali

Naunga mkono. Na faili hilo la .config limeshavurugwa vya kutosha, lianze upya:

make ARCH=arm64 mrproper
make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- bcm2711_defconfig
./scripts/config -e EXPERT -e PREEMPT_RT --set-str LOCALVERSION "-v8-nakshi"
make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- olddefconfig
grep -E '^CONFIG_(PREEMPT_RT|ARM64_4K_PAGES|COMPAT|MMC_SDHCI_IPROC|EXT4_FS)=' .config

Zote tano zitoke na =y. Ile grep usiiruke, kwa sababu olddefconfig ikikuta chaguo ambalo masharti yake hayajatimia inalitupa bila kusema. MMC_SDHCI_IPROC ni draiva ya nafasi ya kadi kwenye Pi 4. Ikiwa =m (moduli ya pembeni) na huna initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia), keneli itaganda kwenye "Waiting for root device", na kwa kuwa cmdline.txt ina rootwait, itangoja hadi uchomoe umeme.

LOCALVERSION nimeibadili ili moduli zikae kwenye folda yake ndani ya /lib/modules, zisichanganyike na za mfumo. Moduli za keneli isiyo ya RT haziingii kwenye ya RT, utapata "Exec format error", na dmesg itakuonyesha "version magic" mbili zisizolingana.

Kwa ajili ya CNC, ingia CPU Power Management uweke governor (kanuni ya kupanga kasi ya prosesa) ya msingi iwe performance, maana prosesa ikipanda na kushuka kasi inaleta kuchelewa. Hakikisha PROVE_LOCKING na DEBUG_PREEMPT zimezimwa. Timer frequency iache 250. Wengi hukimbilia 1000, lakini LinuxCNC inaamka kwa clock_nanosleep, na hiyo inaendeshwa na hrtimer (saa ya keneli yenye usahihi mkubwa), haingoji mapigo ya HZ.

---

siria_115200

Kwenye kuweka, usiandike juu ya kernel8.img. Tengeneza folda yake kwenye sehemu ya boot. Hapa nachukulia kadi ni sdb, hakikisha kwa lsblk kwanza:

sudo mount /dev/sdb1 mnt/boot
sudo mount /dev/sdb2 mnt/root
sudo make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- INSTALL_MOD_PATH=$PWD/mnt/root modules_install
sudo mkdir -p mnt/boot/nakshi/overlays
sudo cp arch/arm64/boot/Image mnt/boot/nakshi/kernel8.img
sudo cp arch/arm64/boot/dts/broadcom/*.dtb mnt/boot/nakshi/
sudo cp arch/arm64/boot/dts/overlays/*.dtb* arch/arm64/boot/dts/overlays/README mnt/boot/nakshi/overlays/
sudo cp mnt/boot/cmdline.txt mnt/boot/nakshi/
sudo umount mnt/boot mnt/root

Ukisahau INSTALL_MOD_PATH moduli zote zitaingia kwenye laptopu, na Pi itawaka bila Wi-Fi, kwa kuwa brcmfmac ni moduli. Pia sudo inavua yale uliyoweka kwa export, ndiyo maana ARCH imeandikwa tena.

Kisha kwenye config.txt ongeza mstari mmoja: os_prefix=nakshi/

Mkwaju wa mwisho (/) usiukose. Faili lile la README linaonekana la bure, lakini programu ya kuwashia inalitafuta. Isipolikuta, inaiacha overlays yako na kuchukua ile ya zamani.

---

bwagamoyo_cnc

Imewaka. Kadi mpya, mfumo wa biti 64. uname -v inaonyesha SMP PREEMPT_RT. Nimeongeza isolcpus=3 (kuitenga kori ya 3) kwenye nakshi/cmdline.txt, halafu nikapima ucheleweshaji kwa nusu saa huku stress (programu ya kuilemea prosesa) ikiwa inakimbia pembeni:

sudo cyclictest --mlockall --smp --priority=80 --interval=200

Kori ya 3 Max ni mikrosekunde 58, nyingine ya juu kabisa 91. Servo thread yangu (mzunguko wa LinuxCNC wa kuongoza mota) ni ya milisekunde 1. Je, kipimo hiki kinatosha, au nipime zaidi? Na apt upgrade haitaniharibia?

---

MzeeWaTerminali

Kwa kipindi cha mikrosekunde 1000 na kadi ya Mesa ikitoa mapigo yenyewe, 91 ni nzuri. Ila nusu saa ni fupi. Iache usiku mzima, na upime vile mashine itakavyokuwa kazini: skrini ya LinuxCNC imefunguliwa, Wi-Fi imewaka, faili kubwa linanakiliwa. Namba ya kuangalia ni Max, Avg haikuhusu. Pima na joto kwa vcgencmd measure_temp, kwa sababu prosesa ikifika 80 inaanza kupunguza kasi, na kwenye boksi lililofungwa kuzuia vumbi la mbao itafika huko mapema. Weka kipoza joto kikubwa cha alumini.

apt itagusa kernel8.img na overlays za nje, folda ya nakshi haiijui. Ukitaka kurudi keneli ya mfumo, weka # mbele ya os_prefix.

---

binti_pangani

Na faili la .config lihifadhi nje ya laptopu. Lenyewe ni dogo, unaweza hata kujitumia kwa barua pepe. Ukivuta toleo jipya la rpi-6.12.y, linakili ndani, piga olddefconfig, kisha:

./scripts/diffconfig .config.old .config

Utaona mistari iliyobadilika tu. Kama PREEMPT_RT au COMPAT imo kwenye orodha hiyo, usikompaili kwanza.