Meno ya mbele yaliyojengewa kwa kompoziti: lipi la kuzoea, lipi la kurudi nalo kwa daktari? Tupeane uzoefu

Kibogoyo Mstaafu
Wakuu, mada hii ni ya waliojengewa meno ya mbele kwa kompoziti, ile plastiki ngumu ya rangi ya jino: jino lililomeguka, mwanya uliozibwa, madoa yaliyofunikwa. Ombi langu ni moja. Habari za bodaboda, chupa za soda na ngumi za harusini tuziache kule kule zilikotokea. Weka unachokijua: dalili, siku ngapi, kipimo gani, ufanye nini. Wengi wakitoka kwa daktari huambiwa "utazoea" na kufungiwa mlango. Sasa tuchambue: lipi kweli ni la kuzoea?

Taa ya Bluu
Nianzie kitini, maana malalamiko mengi ya baadaye huzaliwa pale.

Rangi huchaguliwa mwanzo kabisa, kabla mdomo haujakaa wazi. Jino likikauka kwa dakika chache tu hupauka. Daktari akilinganisha rangi wakati huo atakuwekea kompoziti nyeupe kupita kiasi, na kesho yake jino likisharudisha maji yake, kiraka kinabaki kinang'aa peke yake kama taa ya koridoni. Kinyume chake pia hutokea: ukitoka ukaona kiraka kimekolea kuliko jino, usikurupuke. Jipe siku mbili kwanza. Na kabla ya kazi kuanza mwombe aweke tone la kompoziti juu ya jino bila asidi wala bondi (gundi inayoishikiza), alipige taa ya kuligandisha, mkalitazame karibu na dirisha. Tone hilo hubanduka kirahisi, na linasema ukweli kuliko kadi ya rangi.

Kisha ukingo wa enameli (ganda gumu la nje la jino) huchongwa mshazari milimita 1 hadi 2 ili mstari wa maungio usionekane. Asidi ya fosforiki ya asilimia 35 hadi 37 hukaa sekunde 15 hadi 30 kwenye enameli, na kwenye dentini (tabaka lililo chini ya enameli) isizidi 15. Inaoshwa, na enameli ikikaushwa lazima ionekane kama chaki. Bondi husuguliwa kwa kibrashi kama sekunde 20, inapulizwa, inapigwa taa. Kompoziti inafuata tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi milimita 2, kwa sababu mwanga ukipita hapo unachoka na chini panabaki pabichi.

Mate au damu ikigusa jino baada ya asidi, hatua hiyo inarudiwa. Hapo ndipo kazi nyingi hufia. Kwa hiyo daktari akikwambia fizi zako zinatoka damu, safisha kwanza urudi baada ya wiki mbili, wala hakuzungushi.

Mpiga Msasa
Naongezea la ulimi, maana ndilo linalosumbua watu usiku. Ulimi hausemi uongo, ila hutia chumvi. Ongezeko la nusu milimita nyuma ya jino huonekana kama kilima. Hisia ya "kuna kitu kigeni", ya jino nene au mdomo wa juu uliosogezwa mbele, hupungua ndani ya siku chache, na kwa wengi wiki mbili hazifiki kabla hawajaisahau kabisa. Hiyo ni ya kuzoea.

Ukwaruzo si wa kuzoea. Pitisha ukucha kutoka kwenye jino kwenda kwenye kiraka, halafu urudi. Ukiteleza pande zote mbili, sawa. Ukinasa upande mmoja, kuna ngazi pale, na ngazi hukusanya uchafu na rangi ya chai. Karibu na ufizi tumia uzi wa meno: ukipita na kutoka mzima, vizuri. Ukichanika nyuzinyuzi mahali pale pale kila siku, kompoziti imening'inia nje ya jino, na ufizi wa hapo utavimba hata ukipiga mswaki mara tano. Dakika tano za utepe wa msasa zinamaliza. Usikubali kuambiwa utazoea.

Dada wa Mezani
Na jino likiwa linagongwa la kwanza unapofunga mdomo? Nalo nisubiri wiki mbili?

Mpiga Msasa
Hapana dada, hilo usilisubirishe. Sababu yake mara nyingi ni sindano ya ganzi. Ukiwa umekufa ganzi hung'ati unavyong'ata siku zote, na karatasi ya rangi unayong'atishwa kuona meno yanapogongana inaweka alama za uongo.

Kipimo cha nyumbani: simama mbele ya kioo, weka ncha ya kidole kwenye uso wa mbele wa jino lililojengewa, nusu ya kidole kwenye jino hilo, nusu kwenye jirani yake. Funga meno taratibu, gonga mara tatu nne. Jino lenye kiraka likishtuka chini ya kidole na jirani likatulia, linabeba mzigo usio wake. Halafu teleza taya la chini mbele mpaka meno ya mbele yakutane ncha kwa ncha, kisha kushoto na kulia. Kompoziti nyingi za ncha hazivunjwi na chakula. Huvunjwa na mteremko huo, kidogo kidogo, hasa kwa wanaosaga meno usingizini.

Ukirudi, mwambie daktari apime bila ganzi na apime miondoko yote: kufunga, kwenda mbele, pembeni. Alama za karatasi kwenye kiraka zisiwe nzito kuliko za majirani. Na ikiwa mwenzako wa chumbani anasikia meno yako yakisagana, uliza kuhusu kinga ya meno ya kulalia, maana bila hiyo utajenga jino lile lile kila mwaka.

Mwalimu wa Irabu
Matamshi hayajaguswa, nami hapo ndipo nyumbani. Kiswahili kinayatumia meno ya mbele kuliko watu wanavyodhani. F na v mdomo wa chini hugusa ncha za meno ya juu. Th na dh ulimi hujipenyeza kati ya meno. S na z hewa hupita nyuma yake kwenye upenyo mwembamba. Kwa hiyo jino likirefushwa hata kidogo, f na v ndizo za kwanza kulegea. Mwanya ukizibwa, s inabadilika mlio, kwa sababu hewa iliyokuwa ikipita pale imepata ukuta. Unene wa nyuma ya jino unasumbua th na dh.

Zoezi: soma kwa sauti dakika kumi asubuhi na kumi jioni, gazeti lolote. Kisha rudia polepole maneno magumu: thelathini na thelatha, fedha na fidia, vifuu vitano, zawadi ya sita, dhahabu safi. Jirekodi kwa simu siku ya kwanza na ya saba, sikio lako mwenyewe ndilo hakimu. Ikipita wiki mbili na f bado inatoka na upepo, jino ni refu mno: hesabia milimita, usihesabie siku.

(Na mwanya wenyewe, wakuu, fikirini mara mbili. Pwani nzima watu wanausifia, ninyi mnalipa kuuziba. Ukiamua, upana ugawanywe kwa meno mawili: mwanya wa milimita 1 ni nusu kwa nusu. Wote ukirundikwa kwenye jino moja, litakuwa kama mlango.)

Maji ya Chai
Sisi tuliokulia maji ya floraidi, Meru na Arusha huku, Naivasha na Nakuru kule, kazi yetu ina kanuni zake. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vya Bonde la Ufa hupita hapo mara nyingi. Enameli yenye madoa ya kahawia ina ngozi ya juu inayoikataa asidi. Sekunde 15 hazitoshi. Daktari mzoefu huikwangua ngozi hiyo kidogo au huacha asidi kwa muda mrefu zaidi. Asipofanya hivyo, kiraka hubanduka kizima kama ganda la yai, bila maumivu, jino likibaki vile vile chini yake. Ukikiona kimetoka hivyo, tatizo lilikuwa mshiko, usiilaumu miwa.

La pili: doa zito likifunikwa kwa kompoziti nyembamba huchungulia. Panahitajika tabaka la chini lisilopitisha mwanga, na hilo linaongeza unene. Uliza mapema utakavyoonekana ukitazamwa ubavuni.

Dada wa Mezani
Asante. Chakula je? Na mswaki wa mti?

Kibogoyo Mstaafu
Ugali, wali, ndizi, havina neno. Adui ni kuchota na kung'oa kwa ncha za mbele: mua, mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, mfupa, kumenya embe kwa meno. Mua kata vipande vidogo, tafunia magego. Mahindi pukuchua. Kukata uzi na kufungua vifuko vya karanga, mkasi upo.

Siku mbili za kwanza punguza chai ya rangi, kahawa, mchuzi wa manjano na sigara. Baadaye kunywa, ila sukutua maji mara tu umalizapo. Tambuu, ugoro na miraa hukolea kwenye maungio kuliko katikati ya jino, kwa hiyo ukiona mstari wa kahawia unaozunguka kiraka, mara nyingi kung'arishwa kunatosha. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ukiitumia wiki kadhaa nayo hupaka kahawia. Watu huilaumu kompoziti bure.

Mswaki wa mti unafaa ukitafunwa mpaka ulainike na ukasuguliwa kwa wima kutoka ufizini. Unga wa mkaa achana nao. Unakwangua mng'aro, na kompoziti iliyopoteza mng'aro hudaka rangi zote.

Taa ya Bluu
Na kung'arisha meno kwa dawa: kompoziti haiwi nyeupe hata uioshe na nini. Anayetaka meno meupe ayang'arishe kwanza, asubiri wiki mbili, ndipo ajengewe. Oksijeni inayobaki kwenye enameli huidhoofisha bondi.

Sasa maumivu. Msisimko wa jino likiguswa na baridi unaokatika ndani ya sekunde chache, wiki moja au mbili, hauna shida. Baridi inayoacha uchungu unaong'ang'ania, maumivu yanayokuja yenyewe usiku, kijipu kidogo ufizini, au jino kugeuka kijivu, hayo ni ya mshipa wa ndani. Jino lililovunjwa na pigo linaweza kufa kimyakimya kiraka chake kikiwa kizuri kabisa. Ndiyo maana hukaguliwa kwa eksirei baada ya wiki 6 hadi 8, na tena baada ya mwaka 1, hata kama haliumi.

Mpiga Msasa
La mwisho kwa upande wangu. Kiraka kikimeguka pembe, usikubali haraka kiondolewe chote. Sehemu iliyobaki ikiwa imeshika vizuri, inakwaruzwa, inapakwa bondi, inaongezewa. Kila kubomoa kizima kunakula na enameli kidogo. Kwa hiyo siku ya kazi omba uandikiwe kwenye kadi aina ya kompoziti na msimbo wa rangi, kwa mfano A2 shingoni na A1 nchani. Ukihamia mji mwingine daktari mpya asianze kubahatisha.

Dada wa Mezani
Nimepima kwa kidole sasa hivi. Linashtuka. Jumatatu narudi, bila ganzi.