Skima haitoi povu: niitengeneze, ninunue nyingine au niachane nayo?

Tangi la Ntinda
Habari zenu wapendwa. Nina tangi la maji chumvi la lita 300, samaki wachache na matumbawe laini. Skima, kile kifaa cha kuondoa uchafu majini kwa povu, niliuziwa na mtu aliyekuja nayo kutoka Marekani, pampu yake ni ya volti 110, kwa hiyo inapitia transfoma. Tangu mwanzo povu lilikuwa hafifu. Sasa halipandi kabisa na kikombe cha kukusanyia uchafu ni kikavu. Asubuhi nawakuta samaki wanahema juu, karibu na uso wa maji. Naona njia tatu: kuifanyia matengenezo, kuagiza nyingine, au kuiondoa niwe nabadilisha maji tu. Waliopitia haya naomba mnisaidie kupima.

Fundi wa Jinja
Pole sana ndugu. Kabla ya yote, leo hii weka pampu ya hewa ndani ya tangi. Skima haiondoi uchafu tu, inaingiza hewa pia, na Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo oksijeni inayoyeyuka kwenye maji yetu ni pungufu kuliko ya mtu wa Mombasa.

Ukishamaliza hapo, washa skima uzibe mdomo wa mpira wa hewa kwa kidole. Kidole kikivutwa kwa nguvu, pampu ni nzima. Basi angalia kina cha maji kwenye sampu (tangi dogo la chini inapokaa skima), au kama kuna mafuta yaliyoingia kutoka mikononi au kwenye chakula. Kidole kisipovutwa, fungua tundu la hewa. Mara nyingi utakuta chumvi imeganda pale kama ukoko wa wali. Maji ya moto yanaitoa. Halafu chomoa rota, yaani sehemu ya pampu yenye sumaku inayozunguka, iloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu hadi chokaa ilainike, usugue kwa mswaki.

Bahari Kololo
Fundi yuko sawa, ila hapo kuna jambo ambalo siki haitatibu. Umeme wetu Uganda ni volti 240, hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni hezi 60. Transfoma inashusha volti, hezi inabaki palepale. Pampu za AC (umeme wa ukutani moja kwa moja) za aina hiyo zinafuata hezi, kwa hiyo iliyoundwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika hapa inazunguka 3,000. Hewa inayovutwa inapungua, na ndiyo maana povu lilikuwa hafifu tangu mwanzo. Kwangu mimi matengenezo peke yake ni njia dhaifu kuliko zote hapa.

Mama wa Entebbe
Mimi tangi langu ni la lita 80 na halina skima. Nabadilisha maji kila wiki na nimepanda mwani kwenye chumba cha nyuma, samaki wanang'aa. Lakini kaka, kwa lita 300 piga hesabu. Asilimia 10 kwa wiki ni lita 30, na kila lita inataka gramu 35 za chumvi au zaidi kidogo. Hiyo ni kilo moja na ushee kila wiki, zaidi ya kilo 50 kwa mwaka, na hiyo chumvi inakuja kwa barabara kutoka pwani. Tena maji ya bomba lazima uondoe klorini kwanza. Nakushauri usiiondoe skima.

Mwana Kasese
Hamuwezi kutumia chumvi ya Ziwa Katwe ikawa nafuu?

Mama wa Entebbe
Hapana mwanangu. Ile ya ziwani ina kabonati na salfeti nyingi, haifanani na ya bahari. Matumbawe hayawezi kuishi humo.

Tangi la Ntinda
Asanteni sana. Nimefungua. Tundu la hewa lilikuwa limeziba kweli, nimelisafisha, kidole kinavutwa kidogo. Ila sumaku ya rota imevimba upande mmoja, ganda lina ufa na ndani naona kutu. Mwili wa skima hauna tatizo.

Bahari Kololo
Usiirudishe hiyo rota majini hata dakika moja. Chuma kikiyeyuka kinaweza kudhuru matumbawe. Basi usinunue skima nzima. Agiza pampu ya DC (umeme mnyoofu kama wa betri) ya skima, yenye adapta ya volti 100 hadi 240. Hiyo haijali hezi, unaipunguza na kuiongeza mwenyewe, na ukipata betri inayolingana nayo itaendelea hata umeme ukikatika.

Fundi wa Jinja
Naunga mkono. Pima kipenyo cha mdomo wa pampu ya zamani kabla hujaagiza. Na umeme ukikatika, maji ya tangi hushuka kwenye sampu, kina kinapanda. Umeme ukirudi, skima inafurika hadi kikombeni. Iinue juu ya kigoda cha plastiki mpaka ifike kina kilichoandikwa kwenye maelekezo yake. Pampu mpya ikishawekwa, iache skima siku kadhaa bila kuchezea koki, povu litajitengeneza lenyewe.

Tangi la Ntinda
Mdomo ni milimita 20. Pampu ya hewa imeshawekwa na samaki wamerudi chini. Naagiza ya DC.