Mjadala: Badiliko lisilo na chanzo lifutwe papo hapo, au lisubiri?

Hoja ya kuanzia

Naleta mbele ya wenzangu jambo ambalo tumelizunguka muda mrefu bila kuliamua. Mtu anapoingiza habari katika makala ya Wikipedia bila kutaja chanzo, na akaendelea hivyo hata baada ya kuambiwa, je, maandishi yake yafutwe na yeye azuiwe kuhariri, au tuyawekee alama ya kudai chanzo na tumsubiri? Msimamo wangu una sehemu tatu. Habari isiyo na chanzo inayomhusu mtu aliye hai ifutwe papo hapo. Habari nyingine zisizo na chanzo ziwekewe alama na zipewe siku saba kabla ya kufutwa. Na anayebadilisha tarakimu kimyakimya katika makala nyingi azuiwe baada ya onyo moja, si baada ya maonyo manne kama tulivyozoea.

Sehemu ya kwanza sidhani kama ina ubishi mkubwa. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy, alishukiwa kuhusika na mauaji ya ndugu wawili wa familia ya Kennedy, Rais John na huyo Robert. Ulikuwa uzushi mtupu, na ulikaa pale takribani miezi minne. Desemba ya mwaka huohuo wasiojisajili walinyimwa ruhusa ya kuanzisha makala mpya katika Wikipedia hiyo. Alama ya kudai chanzo ingemfaa nini mzee yule? Kashfa ingeendelea kusomwa, na alama yake pembeni.

Linaloniumiza kichwa ni la tatu. Anayeandika matusi hatusumbui sana, kwa kuwa kila apitaye huyaona, na kuyatengua ni kazi ya kubofya mara moja. Mharibifu wa kuogopwa ni yule mpole. Juzi, nikipitia orodha ya mabadiliko ya karibuni, nilikuta akaunti mpya imegusa makala kumi na nne ndani ya nusu saa. Mwaka wa kuzaliwa uliokuwa 1947 umekuwa 1949, mlima umepungua mita thelathini, mto umerefuka. Nafasi ya muhtasari, ambapo mhariri hueleza alichobadilisha, ilikuwa tupu kila mahali, na kwa kuwa tarakimu moja ilichukua nafasi ya nyingine, ukubwa wa makala haukuongezeka wala kupungua hata baiti moja, hivyo orodha nzima ilionyesha sifuri, sifuri, sifuri. Nilifungua vyanzo vilivyotajwa chini ya kila makala, kimoja baada ya kingine. Mabadiliko kumi na matatu yalikuwa uongo. Nusu saa yake ilinila usiku mzima, na hakuna hata msomaji mmoja ambaye angeshuku lolote.

Jibu la kwanza

Ndugu mleta hoja, sehemu ya kwanza naiunga mkono bila masharti. Katika ya tatu, hata hivyo, umetaja mabadiliko kumi na manne, ukahukumu kumi na matatu. Lile moja lililobaki lilikuwaje?

Nauliza kwa sababu nimewahi kuwa upande wa waliokosea. Mgeni mmoja alibadilisha tarehe ya kifo cha mwanamuziki, bila chanzo, bila maelezo. Tulimtengua. Akarudia, tukamtengua tena, na mara ya tatu mmoja wetu akambandikia kiolezo, yaani ujumbe ulioandaliwa tayari, cha onyo kali. Ndipo akaandika katika ukurasa wa majadiliano, kwa herufi kubwa tupu: NILIKUWAPO MAZISHINI. Tulimjibu kwamba ushuhuda wake si chanzo, na kikanuni tulikuwa sahihi, lakini baadaye ilidhihirika kwamba gazeti tulilolitegemea ndilo lililokosea, na yeye hakurudi tena. Kiolezo kile kilikuwa na viungo sita, na hakuna hata kimoja kilichomwonyesha mahali pa kubofya ili aweke tanbihi. (Nilikihesabia viungo baadaye, kwa aibu.)

Isitoshe, tunakizungumzia chanzo kana kwamba ni hirizi. Kuanzia 2007 hadi mwishoni mwa 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilibeba makala ndefu kuhusu vita vya Bicholim huko India, kati ya Wareno na Wamaratha, iliyojaa tanbihi na iliyopewa hata hadhi ya makala nzuri. Vita hivyo havikuwahi kupiganwa, na vitabu vilivyotajwa havikuwapo. Kanuni inayomwadhibu tu asiye na chanzo humfundisha mwongo kubuni chanzo.

Mleta hoja anajibu

Swali ni la haki. Badiliko la kumi na nne lilikuwa sahihi. Nililirudisha kwa mkono na kuliwekea chanzo, lakini nakiri kwamba mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) mwenye haraka angelifagia pamoja na mengine. Kwa hiyo narekebisha sehemu ya tatu: onyo liandikwe na mtu, si kiolezo, litaje badiliko lenyewe na makala yenyewe, na lionyeshe jinsi ya kuweka tanbihi. Zuio la kwanza liwe la saa 24. Idadi ya maonyo siiongezi, kwa kuwa onyo moja linaloeleweka linatosha, na manne yasiyosomeka ni kelele.

Bicholim ni msumeno, ndugu yangu, unakata mbele na nyuma. Makala ile ilidumu kwa sababu waliokuwa wakiipitia walihesabu tanbihi bila kuvitafuta vitabu. Kosa hilo linadai tuvifungue vyanzo. Halimpi mtu ruhusa ya kuandika bila chanzo.

Mchangiaji wa tatu

Nyote wawili mmeipita sehemu ya pili kama watu wanaopita njia ya nyumbani. Siku saba zinatosha katika Wikipedia yenye maelfu ya wahariri, ambako alama ikibandikwa asubuhi huonwa na mtu kabla ya jioni. Katika Wikipedia ya lugha yenye wahariri wachache, wanaoingia wapatapo nafasi, siku saba huisha kabla anayelijua jambo hilo hajapita, na wakati mwingine chanzo pekee ni kitabu kilichochapwa ambacho ni lazima mtu aende maktaba kukitafuta.

Napendekeza siku 30, na zikiisha maandishi yahamishiwe katika ukurasa wa majadiliano, yenye tarehe na jina la aliyeyaandika, badala ya kuachwa ndani ya historia ya mabadiliko ya makala, ambako mgeni hajui pa kuyatafuta. Rekebisho hilo likikubaliwa, nazipigia kura ya ndiyo sehemu zote tatu. Likikataliwa, kura yangu kwa sehemu ya pili ni hapana.