Eti "mjukuu yuko wapi niongee naye"! Leo nimedharauliwa mchana kweupe hapa Dodoma

Wanajukwaa, ndiyo kwanza naingia ndani, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Yule wakala wa tiketi wa hapa mjini, simtaji, mnamjua wote: yule wa ghorofani mwenye feni inayolia kama punda mwenye njaa.

Nimemwekea daftari langu mezani. Miezi minane naliandika! Paris siku 5, treni mpaka Milano, Firenze na Roma siku 9, namalizia Vienna siku 4. Begi moja, mimi peke yangu. Hakulifungua. Akachungulia mlangoni nyuma yangu, akasema: "Bibi, mjukuu yuko wapi niongee naye?"

Mjukuu! Miaka 34 nimefundisha jiografia, milima ya Alps nimeichora ubaoni mpaka chaki zikaisha mkoa mzima, leo niombewe tiketi na mtoto niliyembeba mgongoni?

Nikameza. Nikamweleza viza moja ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha nchi zote tatu, Ufaransa, Italia na Austria, na naombea Italia kwa sababu ndiko nakaa siku nyingi. Akabisha, eti Ufaransa, ndiko natua kwanza. Nikamwambia hiyo ya kutua kwanza ni pale siku zinapolingana. AKACHEKA. Kicheko kimefika Kondoa. Halafu tena: "Ndiyo maana nasema mjukuu, bibi."

Ada ya viza, euro 90, ninayo. Bima ya safari ya kulipia matibabu mpaka euro 30,000 nimeshaulizia bei. Nauli ya kwenda Dar kuweka alama za vidole nimetenga. Nina miaka 67, nimekwenda kununua tiketi, sikwenda kuomba ruhusa!

Zabibu_Kavu: Shikamoo mwalimu, pole sana. Huyo huyo alimkatia mjomba tiketi ya kusubiri ndege nyingine saa 19. Mzee alitoka pale anawajua wafagiaji wa uwanja kwa majina.

Kijana_Nkuhungu: Bibi, kwani mjukuu yuko wapi? 😂😂

Mwalimu_Mstaafu: We mtoto, ningekuwa na fimbo yangu! Soma uzi!

Mzee_wa_Hombolo: Mwalimu, mimi nina 71. Alinilazimisha niagize kiti cha magurudumu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kupalilia zabibu ekari mbili. Alikwambia kwamba pasi ya Eurail, ile ya kuzungukia nchi za Ulaya kwa treni, ina punguzo kwa wa miaka 60 kwenda juu?

Mwalimu_Mstaafu: Angeniambia saa ngapi, wakati anamtafuta mjukuu mlangoni!

Mama_Kisasa: Kwa kweli mama, peke yako Ulaya? Ukiumwa?

Mwalimu_Mstaafu: Bima ni ya nini? Na hapa nyumbani naishi na nani?

Dereva_Mstaarabu: Nyie mnalilia Ulaya, mimi jana bajaji kutoka stendi ya Nzuguni mpaka Area D nimetajiwa elfu kumi na tano. Nina begi moja!

Zabibu_Kavu: Elfu kumi na tano?? Hao wakiona umeshuka na tai wanajua wewe wa wizarani.

Kijana_Nkuhungu: Bora bajaji. Tangu serikali ihamie huku wenye nyumba wamepagawa. Chumba kimoja, choo cha nje, anataka kodi ya miezi sita.

Mwalimu_Mstaafu: Jamani, daftari HAKULIFUNGUA.

Mama_Kisasa: Miezi sita una bahati. Wangu anataka mwaka, na geti nimtengenezee mimi.