Bango la "MBWA MKALI" getini: linamkinga mwenye mbwa au linamfunga?

Mleta mada:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tulijadili hili bila jazba, maana jazba mimi nimeshaitumia yote wiki hii.

Jumanne iliyopita saa kumi na mbili na nusu asubuhi binti yangu wa darasa la nne anatoka kwenda kituoni kusubiri gari la shule. Huku kwetu Goba, Dar es Salaam, mnapajua, barabara ya vumbi, nyumba ina fensi ya kuta halafu inayofuata ni kiwanja cha nyasi. Nyumba ya tatu kutoka kwangu jirani anafuga mbwa wawili, mmoja ni jemani shepadi mkubwa kweli kweli. Geti dogo la jirani kitasa kilikufa tangu mwaka jana, analifunga kwa kamba ya manila, siku hiyo kamba inaning'inia tu. Mbwa katoka, mtoto kakimbia (mtoto gani asikimbie?) kadakwa nyuma ya paja. Matundu manne nimeyahesabu mwenyewe, mawili yameingia ndani na mawili yamekwaruza, sketi imechanika mpaka kwenye mkanda. Aliyemwokoa ni mama muuza vitumbua, alinyanyuka akamtandika mbwa na kile kigoda alichokalia, tena yeye ndo alimshika mtoto akamuosha kidonda kwa sabuni ya kipande na maji ya kwenye ndoo mpaka ndoo ikaisha. Daktari baadaye akasema huyo mama kafanya jambo kubwa kuliko sisi wote, kidonda cha mbwa kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta kitambaa nifunge.

Baada ya hapo ni mizunguko. Polisi kuchukua PF3 (ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa), hospitali, sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa siku ileile, halafu siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Dozi moja nimelipa elfu thelathini, hapo weka bajaji kwenda na kurudi, weka na siku za kazi. Leo tumetoka kuchoma ya tatu.

Sasa jirani. Jioni ile alikuja na boksi la juisi na elfu ishirini, akakaa sebuleni akasema "pole sana jirani, ila huyu mbwa hajawahi kuuma mtu, na mtoto asingekimbia asingeumwa". Nikamsindikiza mpaka getini kwake na pale getini kuna bati jekundu limeandikwa HATARI! MBWA MKALI, na picha ya mbwa kakenua meno. Nikamuuliza, jirani, kama hajawahi kuuma mtu hili bati uliliandika kwa ajili ya nani? Akasema ni la wezi.

Hoja yangu ndo hii. Bati lile linasema "najua nina kitu cha hatari humu ndani". Ukishajua, basi kufunga geti ni juu yako na bili ni yako, ya kwanza mpaka ya mwisho. Huwezi kuwa na mbwa mkali mbele ya mwizi halafu awe mpole mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nani anapinga?

Mfugaji wa Kimara:

Napinga mimi hapa. Kwanza pole kwa binti, mimi pia ni mzazi. Ila mkuu unachanganya mambo. Mimi nimeibiwa mara mbili, mara ya pili walikuja na panga wakanitoa kitandani, nani alikuja kunilipa? Tangu nifuge mbwa nalala. Bango ni tahadhari, nimekuambia kuna mbwa, sasa wewe ukiingia kwangu bila kugonga unataka nini? Tukianza kumlipisha kila mwenye mbwa tunafungua biashara, kesho vijana watakuwa wanawachokoza mbwa kwa mawe makusudi wapate hela ya bia. Na mbwa ni mnyama, ana siku zake, hata ng'ombe hupiga teke.

Mleta mada:

Mkuu mtoto wangu hakuingia kwa mtu. Alikuwa barabarani na begi mgongoni.

Wakili Bila Joho:

Mnagombana na wote mko nusu sahihi, ngoja niwape inavyokaa kisheria.

Jinai kwanza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233 kinazungumzia vitendo vya uzembe vinavyohatarisha maisha au vinavyoelekea kumdhuru mtu, na ndani yake ametajwa waziwazi mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye naye. Mnyama yeyote, si lazima simba. Majirani zetu Kenya wana maneno hayohayo kwenye sheria yao ya adhabu kifungu cha 243, wote tulirithi kwa mkoloni mmoja. Kwa hiyo mleta mada ile PF3 usiichukulie kama karatasi ya kupatia matibabu tu, hiyo ni ushahidi, toa kopi uiweke. Na mtu akitiwa hatiani mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia hukohuko.

Madai sasa, hapa ndo pana utamu. Sisi hatuna sheria iliyotungwa inayosema "mbwa wako akiuma utalipa kiasi kadhaa". Tunatumia sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile inayotokana na hukumu za mahakama) kama tulivyoipokea, na tarehe yetu ya mapokezi ni 22 Julai 1920, yaani tunaichukua kama ilivyokuwa siku hiyo. Kwa sheria ile ya zamani, mbwa anahesabiwa mnyama mpole mpaka ithibitike kwamba mwenyewe alijua ana tabia ya ukali. Ukithibitisha alijua, basi, hata kama alifunga geti na makufuli saba analipa. Usipothibitisha, kwa njia hiyo umekwama. Na cheka kidogo: Uingereza mwaka 1906 walitunga sheria kwamba mbwa akiuma ng'ombe au kondoo wa mtu, mwenye mbwa analipa bila hata kuulizwa kama alijua tabia ya mbwa wake. Binadamu akiumwa ilibidi athibitishe. Yaani pale kwa mbwa kondoo alikuwa na haki kuliko mchungaji. Wenyewe waliandika sheria mpya ya wanyama 1971, sisi tarehe yetu imebaki palepale.

Kwa hiyo bango. Anayeingia ndani ya fensi bila ruhusa, bango linamsaidia mwenye nyumba, hapo Mfugaji wa Kimara uko sawa, kama ni mwizi ndo kabisa. Mbwa akimuuma mtu barabarani, bango lilelile linageuka, sasa ni karatasi ya kuonyesha alijua. Si kwamba hakimu atalisoma tu afunge faili, mwenyewe atajitetea kwamba kaliweka kutishia, lakini ataulizwa swali ambalo mleta mada kamuuliza na jibu lake litaandikwa.

Tena huhitaji hata hilo bango. Kuna njia ya pili, ya uzembe. Geti bovu mwaka mzima, kamba ya manila, mtaa una watoto wa shule. Hapo tabia ya mbwa sio ishu kabisa, ishu ni kamba. Umepiga picha ile kamba? Kapige leo, kesho utakuta kitasa kipya kinang'aa. Mama wa vitumbua ni shahidi wako, chukua namba yake. Muda wa kufungua dai la namna hii ni miaka mitatu, usilale.

Mlinzi wa Zamu:

Mimi naongea kama mlinzi, nimelinda nyumba tofauti miaka minane na mbwa nimewapikia dona na dagaa mpaka wananifahamu kuliko wenyewe. Mnajua kinachotokea mbwa akiuma mtu? Bosi anasema mlinzi ndo aliacha geti wazi. Nimeshakatwa mshahara kwa sababu hiyo, mbwa alimng'ata kijana wa kuleta gesi na mimi nilishasema mara tatu bawaba ya geti imeoza. Bosi akamlipa yule kijana, akanikata mimi. Sasa nawauliza hao mnaojua sheria, mlipaji ni nani, mwenye mbwa au mwenye ufunguo? Maana mbwa kanunua yeye, jina kampa yeye, chanjo hampeleki, akiuma mbwa anakuwa wangu.

Wakili Bila Joho:

Kaka, aliyeumwa anamshtaki bosi wako. Uzembe wa mfanyakazi akiwa kazini unamwangukia mwajiri, na hapo wala sio uzembe wako, ulishasema bawaba imeoza. Siku nyingine mwambie kwa meseji, ibaki kwenye simu.

Mbeba Boksi:

Huku Uingereza ninapobeba maboksi hii ngoma waliicheza mpaka ikaharibika. Mwaka 1991 walitunga sheria ya mbwa hatari wakataja aina za mbwa, watu wakahamia aina nyingine. Mpaka 2014 mbwa akikuuma ndani ya nyumba ya mwenyewe ilikuwa ngumu kumshtaki jinai, na waliokuwa wanaumia ni wapeleka barua, mtu anaingiza mkono kwenye kile kitundu cha mlangoni vidole vinabaki ndani. Ndo wakabadilisha, sasa hata kwako mwenyewe unashtakiwa, ila mwizi aliyekuvamia ana kipengele chake. Halafu wakaja XL Bully, aina ya mbwa wakubwa wenye misuli, ilipofika Februari 2024 kumiliki bila cheti ni kosa, na mwenye cheti lazima amhasi, amvalishe kifunga mdomo na mnyororo akitoka nje, awe na bima. Mimi nasema aina ya mbwa ni kupoteza muda. Kinachonivutia ni bima. Bima ya gari tunakata kwa nini? Kwa sababu mtu akigongwa haulizwi dereva ana hela au hana. Sasa huyo jirani wa Goba kama hana hela, hukumu utaila?

Mfugaji wa Kimara:

Bima ya mbwa Kimara. Mbeba Boksi umesahau nyumbani wewe, watu hata bima ya afya hawana.

Wa Wete:

Mimi wa Pemba, kwetu mbwa wengi wapenda kuwaona mbali na nguo zao, lakini wapo, wa kulinda mashamba na wale wanaozurura wenyewe. Na kichaa cha mbwa tumekijua, si hadithi. Walikuja watu wa mifugo na wataalamu wakachanja mbwa shehia kwa shehia, kikaondoka, kikarudi tena, wakachanja tena kikaondoka. Nilichojifunza ni kwamba ukichanja mbwa saba katika kila kumi ugonjwa wakosa njia ya kupita. Sasa ndugu zangu mwazungumza fidia ya jeraha na geti, mimi nauliza cheti cha chanjo kiko wapi? Jeraha la mtoto Inshallah litapona. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna hospitali ya kumrudisha mtu, si Dar si India. Shirika la Afya Duniani lakadiria watu kama 59,000 wafa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu na watoto ni wengi kati yao. Asiyechanja mbwa wake kwangu ndiye mwenye kesi kubwa, hata kabla mbwa hajauma. Na mkimpata mbwa aliyeuma msimpige mawe akafa, mfungeni mumtazame siku kumi. Akifa au akibadilika mjue. Mkimuua na kumfukia hamjui chochote tena mmebaki na hofu.

Mleta mada:

Wa Wete asante sana, umegusa penyewe. Vijana wa mtaani walitaka kumuua jioni ileile, wakaja na marungu, mimi ndo niliwazuia wakaniona kama nimehongwa juisi. Daktari alishaniambia habari ya siku kumi. Cheti cha chanjo nilimuomba jirani siku ya kwanza akasema kiko kwa shemeji yake Morogoro. Mbwa yuko Goba, cheti kiko Morogoro.

Mfugaji wa Kimara sijakukasirikia. Fuga, lala. Ila umesema ng'ombe naye hupiga teke, sawa, mbona ng'ombe wako ukimwacha akala mahindi ya mtu unaitwa kwa balozi wa nyumba kumi unalipa mahindi na hakuna anayesema "mahindi yasingekuwa ya kijani yasingeliwa"? Hata hujadili, unalipa. Ikifika paja la mtoto ndo tunaanza kuulizana alikimbia au alitembea.

Na la wachokozaji wa mbwa kutafuta hela ya bia, mimi sikatai, atakayethibitika alirusha jiwe apunguziwe au akose kabisa. Lakini huyo ndo mwenye mbwa amthibitishe, sio mimi nithibitishe mwanangu hakurusha jiwe saa kumi na mbili asubuhi.

Mfugaji wa Kimara:

Hapo kwenye mahindi umenibana. Ila bango langu sitoi.

Mleta mada:

Usitoe. Funga geti.

Mrejesho kwa mliouliza, leo Ijumaa ni siku ya kumi. Asubuhi nimepita na mwenyekiti wa mtaa, mbwa mzima, anakula, anabweka kama kawaida yake. Hospitali wamesema turudi tuongee kuhusu dozi zilizobaki. Jirani katuona kafurahi, akanambia mbele ya mwenyekiti "si unaona, mbwa mzima huyu, sasa unanidai nini?" Nikamtolea risiti tatu za sindano, nauli nimeandika kwa mkono, na sketi. Kasema atafikiria mwisho wa mwezi. Kamba bado ipo, nimeipiga picha pamoja na bati, zote mbili kwenye picha moja. Wakili Bila Joho njoo PM.